Notepad++ ilivyonionyesha tabu niliyokuwa siioni

Mimi ni karani wa mizani kwa mnunuzi wa mahindi hapa Kibaigwa. Msimu uliopita nilichoka kujumlisha magunia kwa kikokotoo huku dereva wa fuso akipiga honi, nikaamua kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nipate kijiprogramu cha kunijumlishia kilo. Binamu yangu anayesoma Dodoma mjini alinianzishia faili, mimi nikaliendeleza kwenye kihariri cha kawaida kilichokuja na kompyuta.

Siku mbili liligoma. Ujumbe wa kosa: TabError, mstari wa 7. Nautazama wa 7, nautazama wa 6: imelingana kama magunia yaliyopangwa stoo. Nafuta, naandika upya, TabError tena. Nikampigia.

"Kaka, umetumia Tab au spesi?"

Nikamuuliza kuna tofauti gani, si yote ni uwazi tu? Alicheka mpaka nikakasirika, kisha akaniambia nipakue kihariri kingine, Notepad++.

Ni ya bure, ipo tangu 2003, na bando halikuumia maana ni megabaiti chache. Nikafungua faili lile lile, nikaingia View, kisha Show Symbol, nikachagua spesi na tab zionekane. Lo! Mwanzo wa mstari wa 6 kuna mshale mmoja wa rangi ya chungwa. Mwanzo wa mstari wa 7 kuna vinukta vinane. Mshale ni Tab ya binamu. Vinukta ni vyangu, nilivyobonyeza kimoja kimoja mpaka macho yakaridhika. Kwenye kihariri cha mwanzo Tab ilikuwa na upana wa spesi nane, ndiyo maana mistari ililingana. Huku ina upana wa nne, kwa hiyo uongo ukajianika wenyewe. Python 3 haikubali mchanganyiko wa namna hiyo hata macho yako yakikubali. (Kitufe chenyewe kinaitwa Tab, Mswahili angeshtuka mapema.)

Nikaenda Edit, Blank Operations, TAB to Space. Mshale ukageuka vinukta vinne, idadi ile ile inayopendekezwa na PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python wa tangu 2001. Nikaendesha programu, kilio kikabadilika: IndentationError, unexpected indent, yaani uwazi usiotarajiwa mwanzoni mwa mstari. Haki yake, mstari wa 6 una vinne na wangu bado una vinane. Nikafuta vya ziada, kidole kikapitiliza, vyote vikaondoka, nami sikuangalia:

for kilo in magunia:
    print(kilo)
jumla = jumla + kilo

Safari hii hakuna kosa hata moja. Nimeweka magunia matano ya majaribio: 101, 99, 104, 97 na 98. Jibu likaja 98. Ningekuwa mbele ya mkulima ningepigwa! Mstari wa kujumlisha ulikuwa umetoka nje ya mzunguko wa for, ule unaorudiwa kwa kila gunia, ukasubiri magunia yote yapite, ukaongeza la mwisho peke yake. Python inaona sawa tu, kwa kuwa kisheria hakuna ulichokosea. Nikarudisha spesi nne, ikatoka 499.

Hapo Notepad++ haikuniambia kitu, na siwezi kuilaumu, yenyewe inaonyesha tu ulichoandika. Ila palepale kwenye Show Symbol kuna Show Indent Guide, inayochora kistari cha wima kuonyesha kipi kiko ndani ya kipi. Tangu niiwashe sijarudia kosa lile.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na binamu mwenyewe anatumia Linux. Yeye anafungua IDLE, kihariri cha Python yenyewe, anateua mistari yote, anaingia Format na kubonyeza Untabify Region, Tab zinageuka spesi.

Mimi vinukta nimeviacha vionekane muda wote. Juzi tajiri yangu alichungulia skrini, akaipangusa kwa kidole mara mbili, akidhani ni vumbi la mahindi.