Uzoefu wangu Forodhani, Zanzibar: nenda alasiri, usisubiri usiku

Watu wengi wakirudi kutoka Unguja ukiwauliza Forodhani vipi wanakwambia kuna misosi balaa, basi, imeishia hapo. Misosi ipo kweli na ntaisema, ila mi nilivyokaa pale naona mtu anaefika saa mbili usiku akala, akapiga selfi, akarudi hotelini, huyo hajaiona Forodhani, kaona meza na taa. Ushauri wangu mkubwa kuliko yote ndo huu: fika saa kumi alasiri jua likianza kulegea, halafu ukae mpaka usiku uingie. Unaona sura ya mji wa zamani kwa mwanga mzuri, na unawaona wenyeji wanavyoingia na familia zao kidogo kidogo mpaka panajaa.

Kwa ambae hajafika, hii ni bustani iliyo ukingoni kabisa mwa bahari, Mji Mkongwe. Ukishuka boti ya Dar pale bandarini unafuata tu barabara ya Mizingani, bahari iko mkono wako wa kulia, teksi ya nini labda uwe na mizigo. Nakushauri utembee kwasababu njiani tu umeshaanza kuona mambo: kuna lile jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizochongwa utadhani lesi, alianza kulijenga tajiri wa Kihindi Tharia Topan miaka ya 1880 na likaja kumalizika 1894, mbele kidogo pana ule mti mkubwa wa Mtini uliopandwa na Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1911, chini yake utakuta mafundi wa boti na vijana wanaopeleka wageni kisiwa cha Changuu. Hapo ndo utaanza kukutana na mapapasi, wale wanaotafuta wageni wa kuwatembeza. Sio watu wabaya, wanatafuta riziki, wengine wanajua historia vizuri tu, ila kama huhitaji kutembezwa sema mapema na kwa adabu, "ahsante kaka, leo napumzika", ukinyamaza kimya wanakufuata mpaka bustanini.

Bustani yenyewe haina kiingilio. Hilo napenda lisemwe kwa sauti kwasababu siku hizi kila sehemu nzuri ya ufukweni inawekewa ukuta na mlinzi. Zamani hapa ndo palikuwa mbele ya majumba ya Sultani, shughuli za forodha na mizigo, na mwanzoni mwa karne iliyopita hata treni ilipita, ile reli ndogo iliyokuwa inatoka hapa mjini mpaka Bububu. Bustani ikaja kutengenezwa 1936 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa huyo huyo Sultani Khalifa. Miaka ikapita ikachakaa vibaya, ukuta wa bahari ukawa unaliwa na maji, ndipo Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ikaikarabati na ikafunguliwa tena 2009 ikiwa na ukuta uliotengenezwa upya, njia za mawe, taa, mitaro na sehemu ya watoto kuchezea. Ukarabati ule naona ulifanywa na watu waliofikiria, maana wangeweza kujenga hoteli pale wakamaliza, lakini pakabaki pa kila mtu.

Mimi nilienda na wifi yangu, mzaliwa wa Vuga, hapo hapo mjini, kwahiyo nilikuwa na bahati ya kutembea na mtu anaejua. Alichonipeleka kuona kwanza sio jengo lolote, ni ukutani kwa makachu. Makachu ni vijana wanaoruka baharini, wanatokea mbali wanakimbia kwa kasi halafu wanajirusha kutoka juu ya ukuta, mwingine anajipindua mara mbili hewani, mwingine anaruka na nguo zake zote na kofia, na watu wamejipanga wanashangilia kila anaeruka. Nimeona video zao mitandaoni miaka yote lakini kusimama pale ukasikia ile miguu inavyopiga mawe karibu yako ni jambo jingine kabisa. Angalia kitu kimoja, wanaruka maji yakiwa yamejaa. Wifi akaniambia siku za bamvua, yaani mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji hujaa alasiri, kwahiyo ukipanga safari yako karibu na siku hizo unawapata kwa wingi kabla ya magharibi. Ukienda maji yamekupwa utakuta wamekaa ukutani wanapiga soga. Na ukichukua video zao ukawatunza chochote ni vizuri, wale wanahatarisha miili yao.

Ukishamaliza kuwaangalia geuka uipe bahari mgongo. Hapo ndo utaelewa kwanini nasema uende mchana. Mbele yako una Ngome Kongwe, pembeni yake Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, halafu kule jumba la mfalme, vyote vimesimama mstari mmoja, na usiku huoni kitu isipokuwa giza na miale ya taa.

Ngome Kongwe ndo ya zamani kuliko yote hapo, Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600, na waliijenga palepale palipokuwa na kanisa la Wareno. Tangu hapo imekuwa kambi ya askari, imekuwa jela, imekuwa karakana ya ile treni, ikawa mpaka klabu ya kina mama, na leo ndani kuna maduka ya vinyago na vikoi, pa kunywa kahawa, na ukumbi wa wazi wa duara ambao ndo kitovu cha tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari. Kuingia mchana ni bure. Kuta zake ni nene na ndani kuna ubaridi fulani mzuri, nje jua linachoma ila ukikaa kwenye zile ngazi za ukumbi unasahau. Wenye maduka ndani wanaongea vizuri, bei zao zinashuka ukiwa na subira.

Sasa Beit al-Ajaib. Hapa ndugu zangu nilishindwa kujizuia, machozi yalinitoka. Jumba hili Sultani Barghash bin Said alilijenga 1883, lilikuwa jengo refu kuliko yote Zanzibar na la kwanza kuwashwa umeme, lina lifti wakati huo Afrika Mashariki yote watu hawajui lifti ni nini, milango yake mikubwa imechongwa kwa aya za Qur-aan. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zilipiga mizinga majumba haya kwasababu Khalid bin Barghash alikataa kutoka kwenye kiti cha usultani baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki, ilianza saa tatu asubuhi na haikumaliza hata saa moja, vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Watu wanapenda kulisimulia hili kama kichekesho lakini upande wa Sultani walikufa na kujeruhiwa watu karibu 500 ndani ya hizo dakika, na jumba lililokuwa jirani, Beit al-Hukm, likaharibika lisifae tena. Beit al-Ajaib likasalimika, likaongezewa ule mnara wa saa kwa mbele. Likavuka mizinga, likavuka Mapinduzi ya 1964, likawa makumbusho, halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara, mafundi wakiwa kazini humo, wawili wakapoteza maisha.

Nilipofika palikuwa pamezungushiwa uzio. Unachoona ni nguzo za chuma, roshani zilizobaki, na lile pengo. Wifi yangu aliingia mle akiwa mwanafunzi, anakumbuka jahazi kubwa la mtepe lililowekwa pale katikati, lile la kushonwa kwa kamba bila misumari, anakumbuka na jinsi walimu walivyokuwa wanawakataza kukimbia kwenye roshani. Aliponyamaza na mimi nikanyamaza. Nasema kwa moyo wangu wote, jengo hili lirudishwe, na lirudishwe vizuri hata ikichukua muda, mbao ya aina ileile, chokaa badala ya saruji, maana nyumba za mawe za Mji Mkongwe zinapumua kwa chokaa, ukizibandika saruji unyevu unabaki ndani zinaoza. Huu mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kama umekuja Forodhani usipite hapo haraka haraka kwasababu kuna uzio, simama ulitazame.

Upande wa pili wa bustani, kuelekea Shangani, kuna jengo lililokuwa nyumba ya watoto yatima, barabara inapita chini yake kabisa kama handaki. Pita hapo kwa miguu ukiwa unaelekea kutafuta kahawa.

Haya, chakula. Meza zinaanza kupangwa jioni na magharibi ikishaadhiniwa ndo moshi unatanda, wapishi wengine wamevaa makoti meupe na kofia ndefu za mpishi. Kila meza inakuita. Mishikaki ya nyama, kuku, pweza, ngisi, kamba, samaki, ndizi, muhogo, mkate wa kumimina, chapati. Kanuni ya kwanza uliza bei kabla hujagusa sahani, na uliza ya kila kitu sio ya kimoja. Kuna muuzaji mmoja alianza kunijazia sahani bila hata kuniuliza nataka nini, kila nikisema inatosha anaongeza, "onja bibie, onja tu", wifi akamshika mkono akamwambia "baba, sema bei kwanza", ndo bei ikatajwa na ilikuwa ya mgeni kabisa. Tukamrudishia sahani yake kwa heshima tukasogea meza ya mbele. Ukitajiwa bei kwa dola na wewe ni Mtanzania wa Morogoro, jibu kwa Kiswahili, mambo yanabadilika.

Kanuni ya pili, vitu vya baharini viangalie kwanza. Muulize muuzaji, wifi aliuliza waziwazi "kaka, pweza huyu kashushwa lini?", akajibiwa "leo asubuhi dada'angu, wallahi", lakini bado akamtazama yule pweza, akambonyeza, akakataa. Meza ya tatu ndo tulikula, pweza laini, pilipili na ndimu, kitu kitamu sana. Ukiona kitu kimekauka kwenye mshikaki au kinakaangwa mara ya pili kiache.

Kama bajeti ni ndogo, na hata kama ni kubwa, nenda kwenye urojo. Kile ndo chakula cha mji, mchuzi wa manjano wenye uchachu, ndani kachori, bajia, viazi, mshikaki, yai, juu yake chatini ya nazi, krispi za muhogo na pilipili kadri unavyoweza. Nilikaa kwenye ukuta na bakuli langu katikati ya familia za watu na paka wa Forodhani wakinizunguka, paka wale wana subira kuliko wanadamu. Pizza ya Zanzibar ni kinyunya chembamba kinachowekewa nyama ya kusaga, yai na kitunguu kikakunjwa kikakaangwa juu ya chuma, mimi niliiona ya kawaida, watoto watafurahi, ya ndizi na chokoleti ni tamu kuliko ya nyama. Miwa ndo usiikose, inasagwa mbele yako na ndimu na tangawizi, agiza ikamuliwe hapo hapo usichukue iliyokwisha kaa kwenye jagi.

Mavazi, huu ni mji wa Waislamu, funika mabega na magoti, mbele ya familia za watu kivazi cha ufukweni hakifai kabisa na wenyeji hawatakwambia ila wanaumia. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna kula hadharani, ila usiku baada ya tarawehe Forodhani inachangamka kuliko miezi yote, wifi anasema ndo wakati anaoupenda. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, mvua inaweza kukuharibia jioni nzima. Na ukienda wakati wa Sauti za Busara weka chumba mapema sana maana Mji Mkongwe wote unajaa, ila muziki wa Ngome Kongwe unausikia mpaka ukutani ulipokaa na urojo wako.