TAHADHARI: Wakulima wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe mkoani Kigoma, ruzuku ya mbolea haiingii kwenye simu

Mvua zikikaribia, meseji za namna hii huanza kuzunguka: “Ndugu mkulima, ruzuku yako imetoka. Tuma 15,000 ya uhakiki upokee hela yako.” Usitume hata mia. Ruzuku ya mbolea ni punguzo la bei: unalipa pungufu dukani, serikali inamlipa msambazaji kilichobaki. Msimu wa 2022/23 mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia) wa kilo 50 ulikuwa umepita 130,000 sokoni, mkulima akauziwa 70,000. Hiyo tofauti haipiti mkononi mwako. Kujiandikisha kijijini nako ni bure.

Hao wa meseji ni vibaka tu. Mwizi hasa, wakala au mtumishi, haombi hela, anaomba namba yako ya mkulima, ile unayopewa ukijiandikisha. “Mama, nipe namba nikuchukulie mbolea pamoja na wengine, usihangaike na foleni.” Akishaipata anaandika kwenye mfumo wa ruzuku kwamba umenunua; mfuko unauzwa pembeni kwa bei ya sokoni, au hautoki stoo kabisa, na ile tofauti ya bei anaila yeye. Utajua siku unafika dukani unaambiwa mgao wako umekwisha.

Kuna na mchezo wa ekari. Mgao hufuata ekari ulizoandikishwa. Ekari moja ya mahindi kwa kawaida hutumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa hiyo mwenye ekari 2 anahitaji mifuko 4. Daftari likisoma ekari 20, ile mifuko 36 ya ziada inakwenda kwa nani? Ndiyo maana orodha ya wanaopata ruzuku yenye majina matupu haisaidii kitu. Daini ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ikiwa na jina, kitongoji, ekari na mifuko iliyochukuliwa. Jirani anajua shamba lako linaishia kwenye mwembe upi. Mkaguzi wa wilayani hajui. Namba za simu zisiwekwe, maana matapeli wa meseji watazipiga picha.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, orodha isomwe hapo. Mkiambiwa ni siri, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Dukani nenda mwenyewe, dai risiti, mfuko upandishwe kwenye mzani. Kagua mshono: mfuko uliofumuliwa na kushonwa upya huwa na safu mbili za matundu ya sindano, moja haina uzi. Urea (mbolea ya kukuzia) tia kijiko kimoja cha chakula kwenye robo glasi ya maji. Huyeyuka yote na glasi inapoa mkononi. Mchanga utabaki chini, na chumvi huyeyuka bila kuleta ubaridi ule. DAP ponda punje, changanya na chokaa na maji kidogo, ikupige harufu kali kama ya mkojo uliolala.

Meseji ya kitapeli ripoti kwenda 15040. Wakala au mtumishi anayechezea namba za watu, piga TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) 113, ni bure. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua inaweza kutumiwa kwa jina lako, nenda ikafungwe kabla uandikishaji haujaanza.