Fiona Shaw: jukwaani au kwenye runinga?

Anayemfahamu Fiona Shaw kupitia runinga tu amekosa nusu iliyo bora. Mwigizaji huyu, aliyezaliwa kaunti ya Cork, Ireland, mwaka 1958, alijengwa na jukwaa. Mwaka 1995, pale National Theatre jijini London, aliigiza mfalme Richard wa Pili wa Shakespeare. Mwanamke kuvaa taji la mwanamume! Wapo waliokasirika. Miaka 5 baadaye alikuwa Medea katika ukumbi wa Abbey, Dublin: mama anayewaua wanawe. Mara zote mbili mwongozaji alikuwa Deborah Warner. Jukwaani hakuna kurudia. Sauti lazima imfikie aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, na kesho usiku uanze upya.

Runinga ilimtaka afanye kinyume. Katika tamthilia ya Killing Eve, iliyoanza 2018, bosi wa ujasusi Carolyn Martens anainua nyusi tu na mtazamaji anashikwa na baridi. Nafasi hiyo ilimpa tuzo ya BAFTA mwaka 2019, pamoja na watazamaji ambao hakuna ukumbi ungewatosha.

Mimi nachagua jukwaa. Ule utulivu wa Carolyn, naamini, ulipikwa huko.