Miezi minne na maswali ya hoja mbovu ya LSAT: nilicholipia na kilichonisaidia

Naishi Houston, nafanya kazi ya usiku ya kuhudumia wazee, na muda wangu wa kusoma ni asubuhi nikishatoka kazini mpaka usingizi unishinde. Pesa naihesabu na saa nazihesabu. Ndiyo maana naandika uzoefu huu, kwa ajili ya Mswahili mwenzangu anayetaka kufanya LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada, na hajui anunue nini.

Mtihani wenyewe umebadilika. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na zamu hayapo tena. Unafanya sehemu nne, kila moja dakika 35. Zinazohesabiwa ni tatu: mbili za kupima hoja na moja ya kusoma na kuelewa. Ya nne ni ya majaribio na huambiwi ni ipi. Alama zinaanzia 120 hadi 180, na ukikosea hukatwi kitu, kwa hiyo usiache swali wazi. Sasa tazama uzito wa hoja ulivyo: sehemu mbili kati ya tatu. Na humo ndani kuna swali linalojirudia sana, unapewa aya fupi ya mtu anayetetea jambo, kisha unaulizwa hoja yake ina kasoro gani. Kwenye mtihani wangu wa kwanza wa mazoezi nilikutana na maswali manane ya namna hiyo. Nikapata mawili.

Nilianzia LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, wenye mtihani wao. Kufungua akaunti ni bure na unapata mitihani kadhaa kamili ya mazoezi. Baadaye nililipa dola 120 za mwaka mzima, ikafunguka mitihani zaidi ya 50. Naipa sifa kwa sababu mbili. Maswali ni ya wenyewe, si ya kuigiza, na skrini ni ileile ya siku ya mtihani: unapaka maneno rangi, unakata jibu ulilolikataa, unaweka kibendera kwenye swali la kurudia. Ukishafanya mitihani sita hivi, vidole vinajua pa kwenda na akili inabaki kwenye swali.

Pesa iliyoniuma ni ya kozi moja ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, jina nitaliacha. Walitupa orodha ya kasoro zaidi ya ishirini, kila moja na jina lake, tukaambiwa tukariri. Nikakariri kweli. Lakini kila nikisoma aya nilikuwa natafuta jina kwenye orodha badala ya kumsikiliza anayesema. Niliwahi kumwandikia mwalimu nikimuuliza kwa nini jibu langu si sahihi, akanijibu baada ya siku tisa kwamba nirudie video ya nne. Mwezi uliofuata sikulipa.

Kilichonifungua macho hakikuwa na bei. Nasoma kwa simu na kaka mmoja wa Mombasa anayeishi Minnesota. Siku moja nilikuwa namsomea swali, nikaanza kutaja majina ya kasoro, hili au lile, akanikatiza: "Dada, hebu yaache hayo. Niambie kwa Kiswahili, huyu bwana amekosea wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa siwezi kusema. Na kama siwezi kusema kwa lugha niliyolelewa nayo, basi sikuwa nimeelewa.

Swali lile lilikuwa refu na la kisayansi, lakini ukilivua nguo linabaki hivi (mfano ni wangu): Pilau haipikwi bila bizari. Mama mwenye nyumba amenunua bizari. Kwa hiyo leo tunakula pilau. Mtoto yeyote wa Tanga atakwambia, ngoja kwanza, mchele uko wapi? Bizari ni lazima, lakini haitoshi. Basi hiyo ndiyo kasoro ambayo nimeikosa mara nyingi kuliko zote, kuchukua sharti la lazima kana kwamba linatosha, na tangu siku ile kila nikiiona nasema "bizari" kwa sauti.

Sasa nafanya hivi. Nasoma aya, natafuta hitimisho, nafunika majibu kwa kiganja, kisha nasema kwa Kiswahili mwanya uko wapi. Sitazami majibu kabla sijasema. Sababu ni kwamba majibu yameandikwa kwa lugha ya juu sana, "inachukulia kuwa kweli jambo ambalo lilihitaji kuthibitishwa", na ukiyakuta huna chako kichwani yote matano yanaonekana ya busara.

Chukua meneja anayesema: tangu tuanze kuwapa wafanyakazi chai saa nne, ajali kiwandani zimepungua, kwa hiyo chai inazuia ajali. Mimi nasema: huenda mwezi huohuo waliletewa mashine mpya. Halafu ndiyo nafungua majibu. Moja linasema meneja amemshambulia mtu badala ya hoja. Hiyo ni kasoro ya kweli duniani, ila hapa hakuna aliyeshambuliwa. Jingine linasema hakueleza ni ajali ngapi zilitokea. Ni kweli hakueleza, lakini hata angetaja idadi, chai isingegeuka kuwa sababu. Mitego hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ikinila. Kwa hiyo kila jibu naliuliza kwanza kama mtu huyu kweli amefanya hivyo, na kama amefanya, je, hicho ndicho kinachoivunja hoja yake?

Kila nililokosa linaingia kwenye daftari la kawaida la mistari. Siandiki swali zima. Naandika sentensi moja ya kasoro kwa Kiswahili, na pembeni naandika kilichonivutia kwenye jibu baya. Baada ya wiki tatu nilikuta nimeandika "nilidhani asilimia ni idadi" mara tano. Nisingejua kamwe. Nikarudi LawHub nikafanya maswali ya asilimia tu kwa siku nne, kwa sababu asilimia ya kitu kimoja inaweza kupungua huku idadi yake inaongezeka, ikiwa jumla yenyewe imekua. Kwenye mtihani wangu wa mazoezi wa mwisho nilipata saba kati ya tisa za hoja mbovu.

Bado nashindwa na zile ambazo neno moja limebadilishwa maana katikati ya aya, Kiingereza kinanipita hapo. Hizo nazisoma mara mbili hata saa ikinikimbiza.

Kama huna pesa kabisa, anza na akaunti ya bure, mitihani ile inatosha kwa mwezi wa kwanza ukiichambua vizuri. Ukishaimaliza yote na daftari lako limejaa, hapo lipia mwaka. Na tafuta mtu wa kusoma naye kwa simu. Mimi na kaka yangu wa Minnesota tunaanza saa nne asubuhi kila Jumamosi, na mtihani wetu ni mwezi ujao.