Mpira wa trakeostomi wenye kanula ya ndani: tunaupendekeza, ila si siku ya tatu

Kwenye maduka ya vifaa tiba ya Dar es Salaam, mpira wa trakeostomi (bomba la kupumulia linaloingizwa kwenye tundu lililotobolewa shingoni) wenye puto la kuziba pembeni huja wa aina mbili. Upo wa bomba moja, na upo wenye kanula ya ndani, yaani bomba jembamba ndani ya lile kubwa, inayochomoka peke yake. Kwa mgonjwa atakayetoka ICU kwenda wodini bado ana tundu shingoni, chukua wa pili hata kama bei imepanda.

Sababu ni makohozi. Hewa inayopita shingoni hukwepa pua, kwa hiyo haipati unyevu. Jasho la Dar lisikudanganye: oksijeni ya mtungi au ya ukutani ni kavu kabisa. Makohozi hugandia ukutani mwa mpira, tabaka juu ya tabaka, hadi katheta ya kunyonyea inakwama njiani na mgonjwa anaanza kuvuta pumzi kwa mabega. Kwa mpira wenye kanula ya ndani, unazungusha kichwa cha kanula, unavuta, unaweka safi, basi. Wa bomba moja hauna njia hiyo. Ukiziba na katheta isipite, lazima utoke wote. Na wodini, muuguzi mmoja ana vitanda vingi.

Kasoro zake zipo. Kanula ya ndani hula nafasi, takriban milimita 1 hadi 1.5 ya kipenyo, na pumzi inakuwa nzito kidogo. Usinunue kwa namba ya boksi tu, maana namba 8 ya mtengenezaji huyu si lazima ilingane na ya yule. Soma kipenyo cha ndani kanula ikiwa mahali pake. Halafu angalia kiungio cha milimita 15 cha kuungia mashine kiko wapi. Baadhi wamekiweka kwenye kanula ya ndani, na ukiichomoa kuisafisha huna pa kuunga mashine. Aina hiyo haifai kununuliwa bila kanula mbili. Kwa shingo nene, mpira wa urefu wa kawaida haufiki vizuri. Tafuta wenye bawa (kile kibati kinachokaa juu ya ngozi ya shingo) linalosogezwa.

Kabla haujaingia shingoni, jaza puto, lizamishe kwenye maji safi yaliyotakaswa, tazama mapovu. Likishakuwa ndani, presha ikae kati ya 20 na 30 kwa kipimo cha sentimita za maji. Kubinya kwa vidole na kukisia ni kosa tunaloliona mno: juu ya 30 damu haifiki vizuri kwenye utando wa koromeo, na kovu lake hubana njia ya hewa baadaye.

Sasa kuhusu lini mgonjwa anayepumulia mashine kwa bomba la mdomoni atobolewe shingo. Familia hutumwa dukani mapema kwa imani kwamba kutoboa mapema kunaokoa maisha. Utafiti wa TracMan wa Uingereza, uliotoka 2013, ulilinganisha wagonjwa 909: kutoboa ndani ya siku 4, au kusubiri siku ya 10 na kuendelea. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 30.8 na 31.5, yaani hakuna tofauti ya maana. Zaidi ya hapo, kwenye kundi la kusubiri chini ya nusu ndio waliotobolewa. Waliobaki wengi hawakuhitaji tena. Huo ndio mzigo wa siku ya tatu: unamtoboa mtu ambaye wiki ijayo angepumua mwenyewe. Kwa kiharusi kikali nako, utafiti wa SETPOINT2 wa 2022 haukuonyesha faida ya kuwahi.

Faida ya kweli ni dawa za usingizi kupungua na mdomo kuwa huru. Hiyo inatosha kutoboa, haitoshi kukimbilia. Aliyevunjika uti wa shingo juu kabisa ana sababu ya kuwahi. Wengine wapimwe upya siku ya 7, uamuzi uwe karibu na siku ya 10, na uahirishwe kama bado anahitaji oksijeni ya juu au PEEP (presha ambayo mashine hubakiza mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) zaidi ya 10.

Nunua na wa akiba: mmoja wa namba ileile, mmoja mdogo wake, vikae kichwani pa kitanda. Ukichomoka kabla ya siku ya 7 usiusukume kwa kubahatisha, kwa kuwa njia bado haijashikana na mpira huweza kuingia mbele ya koromeo. Ziba tundu kwa chachi, mpe oksijeni kwa barakoa na mfuko, kisha arudishiwe bomba la mdomoni.