Maziwa ya Momella, Arusha: msipite haraka

Wadau mlioko Arusha na Moshi, hifadhi ya Arusha ipo hapo tangu 1960, kabla hata ya uhuru, halafu sisi wa karibu ndo hatuendi, inaniuma sana. Unakata kona Usa River kwenye barabara ya Moshi, muda si mrefu uko geti la Ngurdoto. Pale msituni angalieni juu, kuna mbega wale wa manyoya meupe marefu, wanaruka mti kwa mti mpaka unasahau kupiga picha.

Sasa maziwa ya Momella yenyewe, yaliyo humo humo hifadhini. Yako saba, mashariki ya mlima Meru, na anga likiwa safi unaiona Kilimanjaro upande wa pili. Maji yake ni ya magadi, mengi yanatoka chini ya ardhi, na kila ziwa lina madini yake na mwani wake ndo maana hili la kijani lile la bluu, na flamingo nao wanahama wakifuata msosi, kwahiyo ukikuta Momella Kubwa hawapo usigeuze gari, zunguka mpaka maziwa ya Rishateni na Lekandiro uangalie na huko. Hapa ndo niligombana na dereva wa gari tulilokodi mjini, yeye anataka picha mbili tatu tuondoke. Kubalianeni naye kabisa kabla ya safari kwamba ni siku nzima!

Kilichonikosha zaidi ni utulivu. Hakuna magari kumi yamemzunguka mnyama mmoja, mnazima injini mnasikia bata na upepo tu. Twiga wa kumwaga, nyati, kuro, ngiri, digidigi. Simba hakuna, anayemtaka simba aende Serengeti. Mtumbwi mnapanda Momella Ndogo, unalipiwa pembeni, na askari mwenye bunduki anakuwepo maana humo kuna viboko na kando kando kuna nyati wamesimama wanawatazama. Mimi ningelipa tena hata kesho, kumwona nyati ukiwa majini ni tofauti kabisa na kumwona dirishani.

Malipo ya getini sio keshi, jipangeni na kadi au simu. Bebeni chakula, maji na darubini kama mnayo, na Juni Julai msiache masweta, kule baridi ni kali hasa asubuhi na asubuhi ndo muda mzuri wa kuingia.