Kufunga paka kizazi hapa Tanga: nilicholipa na nilichokiona

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza kila ninapomwonesha mtu paka wangu. Jike nimelipia sh. 40,000, dume sh. 25,000, kwenye kliniki ndogo ya mifugo hapa mjini. Kwa kazi niliyoiona, hela hiyo ni halali yao. Ila ukipiga simu utatajiwa elfu arobaini basi, na kuna vitu humo havimo.

Kilichomo: nusu kaputi, upasuaji wenyewe, nyuzi na sindano moja ya antibayotiki. Dawa ya maumivu haimo, wala ile kola ya plastiki ya kumzuia asijilambe. Dawa ya maumivu hawakuitaja mpaka nilipouliza, na hilo sikulipenda hata kidogo. Mnyama kapasuliwa, unamrudishaje nyumbani hivi hivi? Paka akiumwa halii, anajikunyata tu pembeni, nawe unadhani kapoa. Nikaongeza sh. 5,000, wakamchoma. Na tafadhali, mtu asikudanganye umpe Panadol ya nyumbani. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua.

Nakaa Makorora, na paka wa huku hawajui njaa, samaki wapo. Chausiku wangu mzao uliopita alishika mimba hata watoto hawajaacha ziwa. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache tu, na jike anaweza kuanza kutaka dume akiwa na miezi minne au mitano, yaani bado mtoto mwenyewe. Kugawa watoto ndiyo kazi sasa: madume wanachukuliwa upesi, majike unarudishiwa usiku mlangoni ndani ya boksi.

Waliniambia asile kitu kuanzia saa nne usiku. Nikamfungia stoo, akalia mpaka alfajiri. Asubuhi nikamtia kwenye tenga, nikafunika kwa kanga na kukaza kamba, tukapanda bajaji. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimsikiliza moyo na kumpima uzito kwanza ndipo akavuta dawa kwenye bomba, kwa sababu kipimo cha usingizi kinafuata kilo. Akaniruhusu nisimame mlangoni. Basi nikamwona Chausiku kalala fofofo, macho kayatoa kodo! Kumbe dawa ile, ketamini, haifumbi macho, ndiyo maana wakampaka mafuta ya macho yasije yakakauka. Na mimi nilidhani watampasua chini ya tumbo. Sivyo. Walimnyoa ubavuni, daktari akachana mahali padogo, akavuta mji wa mimba na vifuko vya mayai vyote viwili, akashona. Alisema kidonda cha ubavuni unakikagua paka akiwa amesimama, huhitaji kumpindua. Katikati ya kushona umeme ukakatika. Wakaendelea kwa tochi ya kichwani, wala hawakuonekana kushtuka. Nilishtuka mimi kwa niaba yao.

Huduma yenyewe naisifu. Maelezo ya kurudi nayo nyumbani ndiyo mabovu: "Mtunze tu." Kumtunza vipi? Nimeyapata kwa kumng'ang'ania daktari. Usimlaze kitandani wala karibu na ngazi, kwa sababu akizinduka anapepesuka na ataanguka. Mfunike, mwili wake unapoa kwa zile dawa. Usimpe maji mpaka aweze kusimama sawasawa, na chakula kidogo tu jioni. Badala ya kola nilikata mkono wa fulana kuukuu, nikautoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha. Alinuna, lakini nyuzi hakuzigusa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kuzitoa hawatozi. Dume kazi yake ilikwisha upesi, hata kidonda hukioni, ila jueni kwamba akishahasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Msimwachie siku hiyo hiyo mkajidai mmemaliza.

Majirani nao hawakukosa neno. Bi mkubwa mmoja akanikabili, "Wamkatiani kizazi kiumbe wa Mungu?" Nikaenda kumuuliza maalimu. Akaniambia wanazuoni wamehitilafiana, na wanaoruhusu wanatazama maslahi na kwamba mnyama asidhurike. Mimi nimetosheka. Bi mkubwa hajatosheka, na kila akitoka sokoni anamletea Chausiku vichwa vya samaki kumpa pole.

Kaka yangu yuko Pongwe na mbwa jike wa ulinzi. Bei ya mbwa inapanda na kilo, wa kwake katajiwa sh. 90,000, na anaogopa ukali utaisha. Daktari alicheka: mbwa halindi nyumba kwa kizazi. Kinachoisha ni yale madume kujazana getini na kupigana kila jike anapohitaji, na jike mwenyewe anaepukana na usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua mbwa wengi wakizeeka. Chanjo ya kichaa cha mbwa inalipiwa peke yake. Mkishafika pale iulizeni siku hiyo hiyo, maana kumpakia mbwa mkubwa kwenye bajaji mara ya pili dereva atawakatalia.